Mkono, Shubiri na Mita: Jinsi ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Kupima Urefu katika Nchi ya Singida

Mtoto wa darasa la pili akiulizwa urefu wa kalamu yake, mara nyingi huchukua rula, huilaza kando ya kalamu popote ipendapo mkono wake, kisha husoma tarakimu aionayo penye ncha. Akisema kumi na tano, mwalimu humsifu na somo huendelea. Walakini ukimwuliza hiyo kumi na tano ni kumi na tano ya kitu gani, hunyamaza. Amejua kusoma rula, lakini kupima bado hajakujua. Na mtoto huyo huyo arudipo nyumbani hukata ugwe unaotosha kumfunga ndama, huchagua fimbo imfaayo kuchungia, na akishindana kuruka na wenzake hubishana nao kwa nyayo na kwa hatua. Kipimo anacho, ila shule haikumwuliza habari zake.

Makala haya twayaandika kwa ajili ya walimu wa watoto wadogo, na kwa mapadre na wachungaji wazitunzao shule za awali na za msingi katika Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni. Neno letu kubwa ni hili: yafaa mtoto aanze na kipimo cha mwili wake, auone ugomvi uletwao na kipimo hicho, ndipo apewe mita kuwa mwamuzi wa ugomvi huo. Apewaye mita kabla ya ugomvi hupewa jibu la swali asilolijua bado.

I. MAJINA YA VIPIMO

Tuanze na maneno, maana mwalimu asiyejua majina ya vipimo vya watu wake hawezi kuvitumia. Neno kupima ni la Kibantu hasa, na lapatikana kwa sura moja au nyingine katika lugha nyingi za jamaa hiyo. Kwalo tumepata kipimo, mpimaji, upimaji, na pima yenyewe, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa huku na huku, toka ncha ya kidole hata ncha ya kidole.

Vipimo vya Kiswahili cha zamani vyafuatana kwa ngazi. Kidogo kabisa ni wanda, yaani upana wa kidole kimoja. Vikiwa vingi husemwa nyanda. Kisha futuri, toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha shahada. Kisha shubiri, ambayo wengine hutamka shibiri, toka gumba hata kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri 2 ni mkono 1, ambao kwa Kiarabu ni dhiraa: toka kisigino cha mkono hata ncha ya kidole cha kati. Mkono huu ulikuwa wa namna mbili. Ule wa vidole vilivyonyoshwa uliitwa dhiraa kamili. Na ule uishao penye vifundo vya ngumi iliyofumbwa uliitwa dhiraa konde. Mikono 2 ni wari 1, nayo mikono 4 ni pima 1. Maneno haya yamehifadhiwa katika kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na tena katika ile ya Johnson ya mwaka 1939, wala hayafai kupotea.

Mwalimu aangalie neno shubiri, kwa kuwa liko na jingine la sura hiyo hiyo lenye maana ya mmea mchungu wa dawa. Mtoto aliyewahi kunyweshwa dawa hiyo atacheka alisikiapo darasani. Heri aambiwe mapema kwamba ni maneno mawili.

Aangalie vilevile neno urefu. Kwa Kiswahili mti mrefu, njia ndefu na kisima kirefu vyote hutumia neno moja, ijapokuwa wa kwanza waenda juu, ya pili yalala, na cha tatu kinashuka chini. Hili si upungufu wa lugha. Lamsaidia mwalimu, kwa sababu lamwambia mtoto kwamba ufito ni ule ule, usimame au ulale. Baadaye afundishwe yale maneno yanayopambanua: kimo cha mtu, kina cha maji, upana wa mlango, umbali wa safari.

Lakini watoto wengi wa nchi hii hawakuzaliwa katika Kiswahili. Wako Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, wako Wanyiramba na Waihanzu, na Wabarbaig na Wahadzabe ambao lugha zao si za Kibantu kabisa. Basi mwalimu akifika kituoni pake awaendee wazee wa mahali, awaulize majina ya shubiri, mkono, pima na hatua katika lugha yao, na kila kimoja kilitumika kupimia nini: nguzo za tembe, ngozi, shamba au kaburi. Ayaandike katika daftari. Akimtuma kila mtoto aulize nyumbani neno moja tu, atakuwa amekwisha kuanza somo, na babu atafurahi kwamba shule ina haja naye.

II. MKONO WA NANI?

Wasomaji wetu wajua kwamba njia kuu ya misafara toka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kisha ikavuka pori lililoitwa Mgunda Mkali, katika nchi ambayo leo ni ya Manyoni. Katika njia ile nguo ilikuwa ndiyo fedha. Shuka moja ilikuwa mikono 4, na doti moja ilikuwa shuka 2, yaani mikono 8. Hongo za watemi, posho za wapagazi, bei ya nafaka na mbuzi, vyote vilihesabiwa kwa shuka na doti.

Sasa fikirini: ikiwa nguo ndiyo fedha, na mkono ndio kipimo cha nguo, basi fedha yenyewe hurefuka na kufupika kadiri ya mtu apimaye. Mwenye kutoa angependa apime mtu mfupi, na mwenye kupokea angependa apime mtu mrefu. Tofauti ya nyanda 2 katika kila mkono huwa nyanda 16 katika doti moja, nazo ni zaidi ya shubiri. Neno doti liko hata leo, ila limebadilika: mama anunuapo doti ya khanga apata vipande viwili vilivyokatwa kiwandani, wala hahitaji kuuliza mkono wa nani.

Habari hii twaikumbusha kwa sababu swali la mkono wa nani ndilo lango la somo lote. Watu wazima waliliuliza katika biashara yao, na mtoto wa miaka sita aweza kuliuliza katika mchezo wake.

III. MTOTO ALIVYO KATIKA FIKIRA ZAKE

Tusidhani kwamba mtoto ni chungu kitupu. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walitoa kitabu juu ya hesabu za Wakpelle wa Liberia, wakaonyesha kwamba wakulima wale, hata wasiojua kusoma, walikadiria idadi ya vikombe vya mchele katika chombo kwa usahihi kuliko Wamarekani wenye elimu. Jicho lao lilikuwa limefundishwa na kazi. Kadhalika mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wa alizeti huja shuleni na jicho lililokwisha kufundishwa kiasi.

Hata hivyo yako mambo ambayo jicho halimpi mtoto. Mwaka 1948 Jean Piaget wa Geneva, pamoja na Bärbel Inhelder na Alina Szemińska, walitoa kitabu juu ya fikira za watoto katika mambo ya umbo na kipimo. Kati ya mambo waliyoonyesha ni hili: weka vijiti viwili vilivyo sawa sambamba mbele ya mtoto mdogo, naye atakubali kwamba ni sawa. Kisha kisukume kimoja mbele kidogo. Wengi walio chini ya miaka saba au minane watasema kilichosukumwa kimekuwa kirefu zaidi, kwa maana hutazama ncha ya mbele tu na kuisahau ya nyuma. Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili leo hii kwa mabua mawili ya mtama, naye ataona.

Mtoto wa namna hii hafai kukemewa. Hakosi utii wala akili; bado hajajua kwamba urefu ni nafasi iliyo kati ya ncha mbili. Ukimpa rula wakati huo, ataishika kama ashikavyo tarakimu nyingine yoyote. Dawa yake ni kazi ya mikono iliyopangwa vizuri, kidogo kidogo, katika muda wa majuma mengi.

IV. MASOMO YENYEWE

Twayapanga masomo haya kwa utaratibu, kila moja likisimama juu ya lililotangulia. Vifaa vyake vyapatikana bure: mabua, fito, ugwe wa katani, mchanga, makaa, na maboksi makuukuu toka dukani. Darasa likiwa la watoto 80, wagawanywe makundi ya watoto sita sita, na kila kundi wawe na kazi zao: wawili washike ncha, wawili wapime, mmoja ahesabu, mmoja aandike, kisha wabadilishane. Fito zitengwe zisizo na miiba.

Somo la kwanza: kulinganisha bila hesabu. Kila mtoto alete bua moja. Wayapange toka fupi hata refu. Mwanzoni watayashika hewani, nao watabishana, maana mmoja ameshika juu na mwenzake chini. Hapo mwalimu achore mstari mchangani, aseme: mashina yote yaanzie hapa. Mara ugomvi utakwisha. Mstari ule ni mama wa sifuri ya rula, nasi tutaurudia. Baadaye wajipange wenyewe kwa kimo, wamesimama. Twasema wamesimama kwa kusudi: mtoto apimwe penye ukuta au mti, asilazwe chini na kunyoshewa ugwe, kwa kuwa kipimo cha namna ile chaweza kumkumbusha mzazi kipimo cha kaburi, na hakuna faida ya kuitia nyumba huzuni kwa ajili ya hesabu.

Somo la pili: ugwe kuwa mjumbe. Mwalimu aulize: mlango wa darasa na mlango wa kanisa, upi mpana? Milango haiwezi kuletwa pamoja. Waachwe wafikiri, mara nyingi mmoja atataka kutanua mikono yake na kutembea nayo hivyo hivyo mpaka kanisani, na njiani mikono itapungua. Ndipo wapewe ugwe. Wakate ugwe ulio sawa na mlango wa kwanza, waupeleke kwenye wa pili. Sasa wamejua kwamba kitu cha tatu chaweza kusema kweli juu ya vitu viwili visivyoonana. Wapimane na unene wa miti pia, wakizungusha ugwe shinani. Ugwe wa mbuyu ukinyoshwa kiwanjani, hata mwalimu atashangaa.

Jambo jingine la kufurahisha katika somo hili: kila mtoto akate ugwe ulio sawa na pima yake, mikono ikiwa imenyoshwa, kisha aulinganishe na kimo chake mwenyewe. Vitakaribiana sana. Wasiambiwe mbele, waone wenyewe.

Somo la tatu: kipimo cha mwili. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Watoto wapime dawati kwa shubiri zao. Mwalimu atazame mambo mawili: wengine wataacha nafasi kati ya shubiri na shubiri, wengine wataipandisha moja juu ya nyingine. Awaonyeshe kwa mabua mafupi yaliyokatwa sawasawa: yakipangwa kwa kuachana, matano yatafika mwisho, yakigusana, yatahitajika saba. Nani amesema kweli? Watoto wenyewe watasema kwamba penye pengo pamebaki pasipopimwa.

Kisha mwalimu naye apime dawati lile lile. Ikiwa lina urefu wa sentimita 120, mtoto wa miaka saba ambaye shubiri yake ni kama sentimita 15 atapata shubiri 8, na mwalimu ambaye yake ni kama sentimita 22 atapata 5 na nusu. Andika ubaoni: 8, na 5 na nusu. Dawati halikubadilika. Waulizwe sababu. Wengi watadhani kwamba mwenye mkono mkubwa lazima apate hesabu kubwa. Kumbe ni kinyume chake. Kipimo kikiwa kidogo, hesabu huwa kubwa. Mtoto aliyelijua neno hili kwa mikono yake hatasumbuka baadaye atakapoambiwa kwamba mita 1 ni sentimita 100.

Kwa wasomaji wetu wa kanisa liko zoezi lililo bora kuliko yote. Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 17, imeandikwa kwamba kimo cha Goliathi kilikuwa mikono 6 na shubiri 1. Mwalimu achore mstari wa Goliathi katika ukuta, kwanza kwa mkono wa mtoto. Mkono wa mtoto wa miaka saba ni kama sentimita 32. Goliathi huyo atakuwa mita 2 na kidogo. Kisha apime kwa mkono wake mwenyewe, ambao ni kama sentimita 45, naye atahitaji kiti apande juu yake, kwa kuwa Goliathi wa pili yuakaribia mita 3. Majitu mawili katika ukuta mmoja, na maneno ya kitabu ni yale yale! Watoto hawatalisahau somo hili. Kwa mapadre na wachungaji twaongeza kwamba katika nakala za kale za tafsiri ya Kiyunani, na katika hati moja iliyopatikana Qumrani, imeandikwa mikono 4 na shubiri 1. Lakini hilo ni la wakubwa.

Vivyo hivyo safina ya Nuhu, mikono 300 kwa 50, yaweza kupimwa nje. Kwa mkono wa sentimita 45 urefu wake ni mita 135. Watoto wakiutembea urefu ule barabarani, watajua kwamba ile haikuwa mashua ya ziwa Singidani.

Somo la nne: kuchagua kipimo kimoja. Baada ya ugomvi wa shubiri na majitu mawili, mwalimu aulize: tufanyeje ili sote tupate hesabu moja? Asijibu yeye. Watoto watasema: tutumie mkono wa mtu mmoja, au, tukate ufito mmoja. Ufito ukatwe, uwe ufito wa darasa, utundikwe ukutani, na kwa juma zima vitu vyote vipimwe kwa huo. Kisha darasa la jirani waje na ufito wao, ulio tofauti. Ugomvi utafufuka kati ya madarasa, kama ulivyokuwa kati ya watu. Ndipo mwalimu atoe mita.

Somo la tano: kutengeneza rula. Rula iliyonunuliwa dukani huficha kazi yake. Iliyotengenezwa na mtoto haifichi kitu. Kila kundi wakate vipande kumi vya boksi, kila kimoja sentimita 10, wavipake kimoja makaa na kimoja wakiache, wavigundishe juu ya ufito ulionyoka, vikigusana. Huo ni ufito wa mita. Kisha kipande kimoja kigawanywe sehemu kumi kwa kalamu ya risasi. Tarakimu ziandikwe mwisho wa kila sehemu, na mahali pa kuanzia waandike 0. Mtoto aulizwe: mbona tumeandika sifuri na si moja? Akikumbuka ule mstari wa mchangani ambapo mashina yote yalianzia, atajibu.

Somo la sita: rula iliyovunjika. Mwalimu avunje rula kuukuu, abaki na kipande kianzacho penye 3. Aweke kijiti kati ya 3 na 8, aulize urefu wake. Asemaye 8 hutazama ncha moja tu. Asemaye 6 amehesabu mistari: tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Asemaye 5 amehesabu nafasi, naye ndiye aliyejua. Mwalimu mwenye dakika chache tu za kuwajaribu watoto wake na atumie zoezi hili, kwa kuwa lamfunulia kwa upesi nani ajuaye na nani akaririye.

Somo la saba: kukadiria. Toka sasa hata mwisho wa mwaka, kitu kisipimwe kabla ya kukadiriwa. Waandike katika safu tatu: jina la kitu, kadirio, kipimo. Mtoto ambaye kadirio lake lilikuwa mbali asichekwe. Asifiwe akilikaribia zaidi mara ya pili.

V. MITA ILIVYOPATIKANA

Watoto watauliza: mita ni mkono wa nani? Swali hili lastahili jibu la kweli, nalo ni hili: si mkono wa mtu yeyote. Zamani Ufaransa nayo ilikuwa na vipimo vingi, kila jimbo na vyake, na watu wadogo walinung'unika kwamba wakubwa walipima kwa faida yao. Mwaka 1791 wataalamu wao walikata shauri kwamba kipimo kitolewe katika dunia yenyewe: umbali wa toka ncha ya kaskazini ya dunia hata ikweta ugawanywe sehemu milioni 10, na sehemu moja iwe mita. Delambre na Méchain walipima nchi toka Dunkerque hata Barcelona, miaka 1792 hata 1798, na mwaka 1799 fimbo ya madini ya platini ikawekwa kuwa shahidi. Mapatano ya mataifa yalitiwa sahihi Paris mwaka 1875. Na tangu mwaka 1983 mita hupimwa kwa mwendo wa nuru.

Nchi yetu imeijua mita mapema. Wajerumani, ambao kwao mita ilianza kutumika mwaka 1872, walijenga reli ya kati toka mwaka 1905 hata 1914, nayo yapita Manyoni na Itigi. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni mita 1 kamili. Reli mpya ya kisasa ina nafasi ya milimita 1,435. Mwalimu wa Manyoni awasimulie watoto jambo hili na kuwachorea nafasi zote mbili kiwanjani. Wasiende kuzipima relini, kwa ajili ya hatari.

Waingereza walipoishika nchi walileta inchi, futi, yadi na maili, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 nchi ikairudia mita. Lakini vipimo havifi upesi. Hata leo fundi seremala huomba msumari wa inchi 4 na mbao ya mbili kwa nne, na bati huulizwa kwa futi. Basi mtoto asiambiwe kwamba baba yake hajui kupima. Aambiwe kwamba inchi 1 ni sentimita 2.54, na futi 1 ni kama sentimita 30 na nusu, naye atazielewa lugha zote mbili.

VI. FAIDA YAKE SHAMBANI

Huenda mtu akasema: kazi yote hii ya mabua na majitu yafaa nini, na watoto hawajajua kusoma vema? Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umekaza kusoma, kuandika na kuhesabu, na muda ni mfupi. Twajibu kwa mfano wa ekari.

Katika vijiji vyetu ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kanuni hii ina asili njema: yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari ya kweli ni 4,840. Waliotunga kanuni walikuwa na maana ya hatua ndefu ya yadi moja, yaani sentimita 91. Lakini hatua ya mtu atembeaye kwa kawaida ni kama sentimita 75. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu, na ekari yake ni mita za mraba kama 2,756, ambapo ekari ya kweli ni 4,047. Ni theluthi mbili tu na kidogo.

Sasa mjane akimwita mwenye plau na maksai amlimie, na malipo ni kwa ekari, mwenye plau akipima kwa hatua fupi, shamba la ekari 2 litahesabiwa karibu 3, na mama atalipa ziada ya ekari nzima. Mwaka ujao akiliuza shamba lile lile, mnunuzi ataruka kwa hatua ndefu kama mbuni, na ekari zitapungua. Mtu huyo mmoja amedhulumiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa hatua fupi na mara ya pili kwa hatua ndefu, wala hakuna aliyemwambia uongo kwa kinywa. Wote walihesabu sabini.

Mtoto aliyeyapitia masomo yale saba ataijua hila hii hata kabla ya kujua eneo ni nini, kwa maana aliwaona Goliathi wawili ukutani. Atauliza: hatua ya nani? Naye ataweza kutengeneza kamba ya mita 10. Kamba 6 na mita 4 juu yake ni mita 64, na mraba wa mita 64 kila upande wakaribia sana ekari moja ya kweli. Kamba hiyo haina gharama, na kila shule yaweza kuwa nayo moja, itunzwe ofisini, watu wa kijiji waiazime.

Watoto wadogo nao wanayo kazi yao shambani. Alizeti, ambayo ndiyo mali ya nchi hii, hushauriwa ipandwe kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shina na shina. Watoto wakate ufito wa sentimita 75, watie mafundo katika ugwe kila baada ya sentimita 30, wapande bustani ya shule kwa hivyo. Mimea ichipukapo, kila juma wapime kimo chake na kukiandika. Hapo hesabu huota mbele ya macho yao.

VII. MWISHO

Torati, katika Walawi 19, yaweka udhalimu wa kipimo cha urefu pamoja na udhalimu wa mizani na wa kibaba, tena yauweka karibu na habari ya hukumu. Jambo hilo si la bahati tu. Kipimo ni hukumu ndogo itolewayo kila siku sokoni na shambani, na asiyejua kupima hukaa daima mbele ya mwamuzi asiyeweza kumhoji. Serikali inao Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, nao hukagua vipimo vya wafanya biashara. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba la mjane.

Basi, ndugu walimu, twawasihi muanze muhula huu kwa neno moja la wazee, bua moja la mtama na mstari mmoja mchangani. Rula zikichelewa kufika, msisikitike. Mtoto amekuja na mkono wake.